Friji ya Nyumbani Kwenye Kirikuu: Piga Hesabu Kabla Hujanunua Betri

Vijana wanaofuga ng'ombe wa maziwa na wanaosindika mtindi wamekuwa wakiniuliza swali moja kwa namna nyingi: "Bwana shamba, naweza kufunga friji yangu ya nyumbani kwenye kirikuu nikazunguka nayo minadani?" Jibu fupi ni ndiyo, inawezekana. Ila kati ya inawezekana na inalipa kuna mtaji wa mtu, kwa hiyo leo nakupa jibu refu.

Kuna kijana mmoja ninayemhudumia, mchapakazi kweli. Alifunga friji ya lita 150 nyuma ya kirikuu, akanunua inveta kubwa ya wati 3000, akaiunganisha kwenye betri ya gari. Alfajiri akapakia chupa 80 za nusu lita za mtindi, bado una uvuguvugu wa nyumbani. Akafika mnadani saa 3, akazima gari, akaanza kuuza. Saa 6 mchana inveta ikaanza kulia, friji ikazima. Alipotaka kuwasha gari ili achaji, gari nalo kimya. Mtindi ulizidi kuchachuka, wateja wakaanza kurudisha chupa, na yeye akarudi nyumbani kwa kusukumwa. Kesho yake aliniletea vifaa vyote ofisini akitaka nimwambie kipi ni kibovu. Hakukuwa na kifaa kibovu hata kimoja. Kilichokosekana ni hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Twende nayo polepole.

Wati ni kitu kimoja, yuniti ni kitu kingine

Wengi tukienda dukani tunauliza friji inakula wati ngapi. Friji ndogo ya nyumbani kompresa yake ikizunguka hula kama wati 60 hadi 100. Mtu akisikia hivyo anaona ni balbu chache tu. Sawa, lakini betri haiishi kwa wati, inaisha kwa wati mara saa. Wati 1 kwa saa 1 tunaiita wati-saa 1, na wati-saa 1000 ndiyo ile yuniti moja ya LUKU unayoijua.

Kompresa haizunguki muda wote. Inawaka, inapoza, inazima, inapumzika. Ndiyo maana friji ya wati 80 haili wati-saa 1920 kwa siku nzima, bali pungufu sana ya hapo. Ukitaka namba ya friji yako, tazama lebo yake ya matumizi. Ikiandika yuniti 240 kwa mwaka, gawa kwa 365, unapata karibu yuniti 0.66 kwa siku. Namba hiyo imepimwa maabara, si kwenye jua la Dodoma mlango ukifunguliwa kila mteja akija. Mimi huongeza nusu yake, inakuwa karibu yuniti 1 kwa siku. Njia nzuri zaidi ni kununua mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, uiache na friji yako siku mbili ikiwa na mzigo ule ule utakaobeba. Namba utakayopata ni yako mwenyewe, hakuna fundi wa kukubabaisha.

Friji ya kwenye gari ni ya kutunza baridi, si ya kupoza

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo soma taratibu.

Mtindi au maziwa yana joto ndani yake, na joto hilo lazima litolewe. Kilo 1 ya maziwa ili ishuke digrii 1 unatoa kama kilojuli 3.9. Lita 40 (ndizo zile chupa 80 za nusu lita) ukizishusha kutoka digrii 30 hadi digrii 4, unatoa kilojuli zaidi ya 4000. Ukizigeuza ni karibu wati-saa 1100 za joto. Friji ndogo inayokula wati 80 tukadirie inatoa joto la wati 120 hivi kila saa inapozunguka. Gawa mwenyewe: zaidi ya saa 9 mfululizo, kompresa bila kupumzika, na hapo hatujahesabu joto linaloingia kupitia kuta na mlango.

Yaani ukiondoka nyumbani saa 12 alfajiri na mzigo wa uvuguvugu, mtindi wako utaanza kuwa baridi saa 9 alasiri, wakati mnada unavunjika. Umemaliza betri, na wateja wote wa mchana wamekunywa mtindi wa moto.

Sasa geuza. Mzigo ule ule uingie kwenye friji nyumbani jana yake, ulale humo usiku kucha ukila umeme wa TANESCO, asubuhi uwe tayari na digrii 4. Kazi ya friji barabarani inabaki moja tu: kuzuia joto la nje lisiingie. Hiyo ni kazi ndogo, na betri ndogo inaiweza. Baridi inunue nyumbani kwa bei ya LUKU. Betri iwe ya kulinda ulichokwisha kununua.

Najua baadhi yenu mnaangalia video za Wamarekani wanaoishi kwenye magari ya kulala, wana friji kubwa ya milango miwili ndani ya gari, mnasema mbona wao wanaweza. Magari hayo zamani yalikuwa na friji za gesi, zile zisizo na kompresa, teknolojia iliyobuniwa Sweden mwaka 1922. Siku hizi wengi wao wanaweka friji ya kawaida ya nyumbani na kuiendesha kwa inveta na betri. Lakini tazama vizuri wanaishije: usiku wengi huegesha kambini na kuchomeka gari kwenye umeme wa kambi. Betri inawavusha wakiwa njiani tu. Ni mpango ule ule ninaokwambia.

Hesabu ya siku moja ya mnada

Tuchukue siku ya saa 10: unachomoa nyumbani saa 12 alfajiri, unarudi saa 10 jioni. Mzigo umeshapoa tangu jana.

Friji: hizo ni saa za joto na mlango unafunguliwa mara nyingi, kwa hiyo nakadiria wastani wa wati 60. Mara saa 10 ni wati-saa 600.

Hasara ya inveta: inveta haigeuzi umeme wote, sehemu inapotea kama joto. Nzuri inatoa kama asilimia 85. Gawa 600 kwa 0.85, unapata karibu 706.

Ulaji wa inveta yenyewe: hata friji ikipumzika, inveta iliyowashwa inakula. Ya wati 1000 weka wati 15, mara saa 10 ni 150. Kadiri inveta inavyokuwa kubwa ndivyo ulaji huu unavyopanda, kwa hiyo inveta ya wati 3000 kwa friji ya wati 80 ni kufuga tembo kwa ajili ya lita moja ya maziwa.

Jumla: karibu wati-saa 860.

Sasa betri. Betri ya volti 12 yenye 100Ah ina wati-saa 1200. Ikiwa ni ya risasi, hata ile ya sola, usitumie zaidi ya nusu kama unataka idumu. Unabaki na 600. Haitoshi, unahitaji mbili. Ikiwa ni ya lithiamu (lebo iandikwe LiFePO4), unaweza kutumia asilimia 80 hivi bila kuiumiza, unapata karibu 1000. Moja inatosha na chenji inabaki.

Na betri ya gari? Ya kirikuu ni ndogo. Tuseme ni 40Ah: jumla ni wati-saa 480, nusu yake 240. Kwa ulaji wa wati 86 kwa saa, hujamaliza hata saa 3 umeshafika nusu. Zaidi ya hapo unacheza na kuwasha gari. Isitoshe, betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kutoa kidogo kidogo mpaka ikauke. Ukiikausha mara kadhaa, umeiua. Betri ya friji iwe yake, ya gari iwe ya gari.

Inveta na nyaya

Kompresa ya kawaida inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida, kwa muda mfupi sana. Friji ya wati 80 inaweza kudai wati 400 hadi 600 au zaidi kwa kupepesa macho. Inveta ya wati 300 itakataa. Kwa friji ndogo, ya wati 1000 inatosha kwa kawaida. Nenda dukani na friji yako, iwashwe mbele yako mara tano, ndipo utoe hela. Ukikataliwa, tafuta duka lingine.

Chagua inveta ambayo boksi limeandikwa pure sine wave. Zile za bei nafuu zenye mawimbi ya ngazi ngazi zinaweza kuendesha friji, lakini kompresa inapata moto na kunguruma, na maisha yake yanafupika. Ulichookoa kwenye inveta utamlipa fundi wa friji.

Ukiwa bado hujanunua friji, tafuta yenye kompresa ya inveta, maana inaanza polepole bila kile kishindo. Tazama pia herufi ya hali ya hewa kwenye lebo ya nyuma: N imetengenezwa kwa joto la mpaka digrii 32, ST mpaka 38, T mpaka 43. Kwa gari linalosimama juani usichukue N.

Nyaya ndizo watu wanazidharau. Umeme wa volti 12 unasafiri kwa ampea nyingi. Inveta ya wati 1000 ikifanya kazi yote inavuta karibu ampea 98 kutoka kwenye betri. Waya mwembamba utapata moto, volti itashuka, inveta italia kwamba betri imeisha kumbe betri ina chaji. Tumia waya wa shaba wa milimita za mraba 35, mfupi kadiri inavyowezekana, usizidi mita moja na nusu, na vichwa vyake vibanwe kwa mashine, si kwa koleo. Weka fyuzi ya ampea 125 karibu kabisa na chanya ya betri. Gari linatikisika, waya unasuguana na bodi, siku utakapochubuka hiyo fyuzi ndiyo itaamua kama unarudi na gari au na majivu.

Inveta inatoa volti 230, na wewe umesimama kwenye bodi la chuma, mara nyingi mikono ikiwa na maji ya barafu. Mwambie fundi aweke swichi ya kukata umeme unapovuja, na aungie bodi waya wa ethi. Usichomeke umeme wa TANESCO kwenye mfumo huo huo inveta ikiwa imewashwa, itaungua palepale. Betri za risasi zinatoa gesi inayolipuka zinapochajiwa, kwa hiyo zikae nyuma penye hewa, si chini ya kiti cha dereva.

Utachaji vipi?

Njia ya kwanza na ya nafuu ni nyumbani usiku. Chaja ya ampea 10 inarudisha zile wati-saa 860 kwa saa 8 hadi 10. Unachomeka friji ukutani, unachomeka chaja, unalala.

Njia ya pili ni injini ikiwa njiani. Hapa usiunganishe betri mbili kwa waya tu. Kwa betri ya risasi weka kitenganishi, ili gari likizimwa friji isinyonye betri ya kuwashia. Kwa lithiamu weka chaja maalumu ya volti 12 kwenda 12, kwa sababu lithiamu hupokea umeme kwa pupa na inaweza kuunguza alteneta, na ya kirikuu ni ndogo. Ila usiwashe injini gari limesimama eti unachaji. Sailensa inachoma petroli na alteneta inatoa kidogo.

Njia ya tatu ni sola. Paneli ya wati 200 kwa jua zuri la saa 4 na nusu, ukitoa hasara, inakupa wati-saa 600 hadi 700. Ukiifunga juu ya fremu inakuwa pia kivuli cha friji, faida mara mbili. Lakini wauzaji wengi minadani tunaegesha chini ya mti. Paneli iliyo kivulini ni pambo.

Friji yenyewe barabarani

Isimame wima, ifungwe kwa mikanda pande zote, chini uweke mpira mzito. Kompresa imening'inia kwenye springi ndani, haipendi kurushwa. Nyuma iachie nafasi ya sentimita 10 ili joto litoke, na turubai iwe nyeupe, si nyeusi. Mlango uwekee kitasa cha nje, la sivyo kwenye kona ya kwanza chupa zote ziko sakafuni.

Kwenye barabara mbovu sana unaweza kuizima. Ikiwa imejaa mzigo wa baridi na mlango haufunguliwi, haitapata joto kwa saa chache. Ukiizima, subiri dakika 5 kabla ya kuiwasha tena, kompresa ishushe presha, vinginevyo itashindwa kuanza na inveta itakata.

Na usisahau uzito. Kirikuu nyingi zimeandikishwa kubeba kilo 350. Friji kilo 40, betri mbili za risasi kilo 60, mtindi kilo zaidi ya 40. Kabla hujapandisha mtu nyuma, umeshakula kilo 140.

Kitu kimoja zaidi: wanaouza maziwa wakizoea watafikiria friza ya kifuniko cha juu badala ya friji ya mlango. Mawazo mazuri. Hewa baridi ni nzito, ukifungua kifuniko haimwagiki nje kama kwenye mlango. Ukiifungia kidhibiti joto cha nje kikaishikilia kwenye digrii 4, inafanya kazi ya friji kwa umeme mdogo zaidi.

Je, unaihitaji kweli?

Sasa nikuulize kabla muuza betri hajakuuliza. Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka inameza karibu wati-saa 93 za joto. Chupa 6 za maji za lita moja na nusu, zilizogandishwa usiku (zisijazwe pomoni, maji yakiganda yanatanuka), zina karibu wati-saa 840 za baridi. Hiyo inakaribia joto lote linaloingia kwenye friji ndogo kwa zile saa 10 za mnada.

Umeona? Kwa mtu anayetoka asubuhi na kurudi jioni, sanduku zuri la kuhifadhi baridi, mtindi uliopoa tangu jana na chupa 6 za barafu vinaweza kumaliza siku bila betri, bila inveta, bila fundi. Hapo mtaji wako unabaki kwenye ng'ombe. Hata kwenye friji iliyofungwa vizuri, weka hizo chupa. Ni betri ya akiba isiyokufa.

Friji ya umeme kwenye gari inalipa kwa watu wa aina tatu. Kwanza, anayelala njiani siku mbili tatu akifuata mzunguko wa minada, hana pa kugandishia barafu. Pili, anayefungua na kuuza kutwa nzima mzigo mkubwa, barafu inaisha saa 7 mchana. Tatu, anayekusanya maziwa ya wenzake njiani, ingawa huyu akumbuke hesabu ya juu: maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi yana joto la ng'ombe, na friji ya nyumbani haitayapoza kwa wakati. Huyo anahitaji barafu nyingi au tangi la kupozea, asidanganywe na friji.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, chukua daftari uandike namba nne: digrii za mzigo wako unapoupakia, saa utakazokaa bila umeme wa ukutani, wati-saa za friji yako kwa mita, na wati-saa za betri unazoruhusiwa kutumia, si zilizoandikwa kwenye lebo. Nunua pia kipimajoto cha bei ndogo ukiweke katikati ya chupa. Kama saa 8 mchana kinasoma chini ya digrii 5, mpango wako uko sawa. Kikisoma 12, usiongeze betri kwanza. Rudi uangalie mzigo ulitoka nyumbani ukiwa na digrii ngapi.